Sauti ya Husnah Nyuma ya Pazia

Kaltumi alikuwa amechoka siku hiyo, tena ule uchovu ambao hata mtu akilala hauondoki. Ndiyo maana alikaa kwenye ngazi ya duka asilolijua, pale Wandegeya, saa nane ya mchana, amepakata kompyuta iliyofungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Viatu alikuwa amevivua. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba tangu Jumatatu, alipoangukiwa na kreti ya nyanya sokoni Nakasero anakouza, na kila hatua ilimkumbusha.

Watu walipita mbele yake bila kupungua. Wanafunzi wa chuo kikuu na makaratasi yao, boda boda zikipenya mpaka barazani, mashine za kuchapa zikilia ndani ya kila mlango, na muuza chapati akikunja mayai ndani ya chapati mojamoja kama anayefunga barua. Hakuna aliyemtazama mwanamke wa miaka thelathini na nne mwenye gauni la kijani lililofuliwa mpaka kola ikapauka, na mtandio wa kahawia uliobanwa kwa pini moja tu kwa sababu ya pili ilipotea.

"Mtoto ana miezi mingapi?" mtu akauliza.

Kaltumi alianza kuona viatu. Vyeusi, vimepakwa rangi vikang'aa, hapo kwenye tope la Wandegeya. Juu ya viatu suruali ya kijivu yenye mkunjo uliosimama kama kisu, juu yake shati la rangi ya maziwa, na juu kabisa uso mrefu wa mwanaume aliyekuwa anakaribia arobaini, mwenye macho ya mtu aliyezoea kungoja.

"Ana miaka tisa," Kaltumi akajibu. "Na hasemi."

"Hasemi tangu kuzaliwa, ao alinyamaza katikati?"

"Picha anatoa. Sauti hakuna."

"Kwa video zote, ao moja tu?"

Kaltumi akamtazama vizuri. Fundi wa kwanza alimwambia spika zimekufa, akanunua spika mpya. Fundi wa pili akasema ni waya, akabadilisha waya. Wa tatu ndiye aliyemfuata leo, akakuta kufuli mlangoni. Kati yao hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Moja tu," akasema. "Nyimbo zingine zinalia vizuri."

"Basi spika haina kosa, na waya haina kosa. Umehangaika bure." Akanyoosha mikono miwili. "Nipe mtoto nikubebee. Hiyo ngazi umekalia ni ya duka yangu."

Duka lenyewe lilikuwa nusu duka. Nusu ya pili ilikuwa ya Benedicte, mama mnene kutoka Bukavu aliyekuwa akipaka vyeti vya watu plastiki kwa mashine ya moto, na asiyependa kunyamaza.

"Zéphyrin, ni mteja ao ni mchumba?" Benedicte akauliza bila kuinua macho.

"Ni mgonjwa, mama."

"Yeye ao wewe?"

Kaltumi akacheka. Akashtuka kujisikia, maana hakukumbuka mara ya mwisho.

Zéphyrin akaiunganisha ile kompyuta na skrini yake, akaibonyeza ile video. Ukatokea ukuta wenye mapambo ya karatasi na kiti kitupu cha bibi arusi, na chini yake ujumbe mfupi kwamba mashine haina kodeki ya kuchezesha sauti hii. Akaizima hapohapo.

"Sikiliza, dada. Sauti iko ndani, haijapotea. Video ni kubwa, kwa hiyo aliyeitengeneza aliikunja ili iingie. Kodeki ndiyo inajua ilivyokunjwa na inajua kuikunjua. Mashine yako inajua kukunjua picha, ile ya sauti haina. Ni hiyo tu."

"Miezi mitano nimetembea kwa ajili ya hiyo tu?"

"Pole. Lakini diski yako imejaa mpaka juu, na kuna virusi. Niachie siku nne nisafishe, kisha nitaweka programu nyingine ya kucheza video, inayobeba kodeki zake yenyewe. Ni nani aliye ndani?"

"Mama yangu. Anaimba arusi ya mdogo wangu Munirah."

Akaishia hapo. Hakusema kwamba Husnah, mama yake, alipigwa na kiharusi miaka miwili na miezi minne iliyopita, upande wa kulia wote ukalala pamoja na ulimi. Hakusema kwamba kuanzia Bombo mpaka Kibuli, Wanubi wenzake walikuwa wakimwita Husnah kuongoza nyimbo za arusi, na sasa hata kuomba maji anaomba kwa mkono. Wala hakusema habari ya nesi wa kliniki, aliyemwambia kwamba wapo wagonjwa ambao maneno hupotea lakini wimbo hubaki, kwa hiyo amsikilizishe nyimbo zake mwenyewe, hakuna ahadi, ajaribu tu. Nyimbo zake mwenyewe zilikuwa mahali pamoja duniani, ndani ya ile video.

Na kitu kimoja zaidi hakukisema, kwa sababu kwao hakuna anayehitaji kuambiwa.

*

Siku ya kwanza simu ililia alasiri, Kaltumi akimlisha mama yake uji.

"Mtoto ameshinda vizuri," sauti ya Zéphyrin ikasema. "Nimemtoa virusi mia tatu."

"Mia tatu? Ulizihesabu?"

"Mashine ilihesabu. Mimi nilihesabu saa. Kidole chako je?"

"Kidole kiko. Viatu vyako je?"

"Vimeuliza habari yako."

Siku ya pili alipiga mara mbili. Siku ya tatu Kaltumi ndiye aliyepiga, akajisingizia kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya, na Zéphyrin akamjibu kwamba bahati mbaya za namna hiyo azibonyeze hata kila saa. Wakaongea. Zéphyrin akamwambia kwamba alivuka ziwa kutoka Uvira miaka kumi na moja iliyopita na begi moja, na begi lenyewe likaibiwa. Kaltumi akamwambia jinsi anavyoamka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni, jinsi jirani anavyomwangalia mama mpaka arudi, na jinsi baa za Kabalagala nyuma ya nyumba yao zinavyopiga muziki mpaka vikombe vinacheza kabatini.

"Yaani kwenu muziki wa kila mtu unaingia," akasema Zéphyrin polepole, "isipokuwa wa mama yako."

Husnah, kwenye kiti chake cha mikono karibu na dirisha, alimtazama binti yake akiwa ameshika simu sikioni, akainua nyusi moja, ile ya kushoto, ambayo bado ilifanya kazi.

"Ni fundi, mama."

Nyusi haikushuka.

*

Siku ya nne alikaanga gurusa, zile chapati nene laini za Kinubi, akazipanga ndani ya bakuli la mfuniko zingali moto. Akavaa gauni la bluu lenye nakshi za mkononi, akatafuta pini ya pili mpaka akaipata. Boda ikamshusha kwenye taa za Wandegeya.

Alipovuka barabara alimsikia mama yake.

Akasimama palepale. Watu wakamgonga mabega wakapita. Ilikuwa ile sauti yenyewe, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwanzoni mwa kila mstari kama mtu anayesukuma mlango wa mbao, halafu inafunguka. Miaka miwili na miezi minne. Akaifuata sauti huku bakuli amelikumbatia kifuani, na machozi yakimtoka bila kujali nani anaona.

Mlangoni kwa Zéphyrin palikuwa na watu. Wanafunzi, dereva wa boda na kofia yake mkononi, muuza chapati na mwiko wake, wanaume wanane au tisa wamesimama wakitikisa vichwa kwa raha. Juu ya mabega yao Kaltumi akaiona skrini ya duka. Akamwona mama yake amezungukwa na wanawake wenye vichwa wazi, naye kichwa wazi, misuko yake myembamba imepakwa mafuta, kitambaa cha Kinubi cha gurbaba kimefungwa kiunoni, ngoma kati ya magoti, akicheka na meno yake yote. Wanawake wa ukoo mzima walikuwa wakicheza mbele ya wanaume wa barabarani.

Akapasua katikati ya watu.

"Zima."

Zéphyrin aligeuka, uso wake wote unang'aa. "Umefika. Unamsikia? Nilikuwa nataka uikute..."

"Zima, nimesema."

Kaltumi akamwona anachelewa, akaung'oa waya wa skrini ukutani mwenyewe. Benedicte akaacha mashine yake. Wanaume wakatawanyika mmojammoja, kila mtu akijifanya alikuwa anapita.

"Nani alikuambia umtoe mama yangu nje, barabarani?"

"Kaltumi, nilikopi kwa mashine yangu ili nijaribu sauti. Ilivyotoka nikasikia, nikafungua mlango. Kwetu mama akiimba arusi tunafungua mlango, ni heshima."

"Kwenu. Hiyo ni nyumba ya wanawake. Mwanaume haingii. Baba yangu mwenyewe hakuingia, na alikuwa hai. Hata aliyeshika kamera alikuwa msichana, Acayo, rafiki ya Munirah."

"Hukuniambia."

Na kweli hakumwambia. Aliijua kweli hiyo palepale ilipotamkwa, na badala ya kumpoza ikamwongezea moto.

"Futa ulichokopi. Leo. Mama yangu asibaki kwa mashine ya mtu."

Mkunjo wa suruali ya Zéphyrin ulikuwa umesimama vilevile, lakini yeye alionekana kama mtu aliyeshushwa kwenye gari njiani.

"Nitafuta," akasema.

Kaltumi akaifunga kompyuta yake kwenye leso, ile programu haijawekwa bado, akatoka. Boda ilipofika Kabalagala ndipo alipokumbuka bakuli la gurusa. Aliliacha mezani kwa Benedicte.

*

Zéphyrin alipiga mara tatu siku ile, Kaltumi hakupokea. Siku iliyofuata akapiga mara moja. Baada ya hapo simu ikanyamaza, na Kaltumi akagundua kwamba kunyamaza kwa simu kunachosha kuliko kulia kwake.

Alikuwa na kiburi, na kiburi ndicho kilichompeleka kwa fundi mwingine mjini, kijana mwenye haraka aliyesikia habari ya kodeki akasema hiyo ni kazi ya dakika kumi. Alichofanya ni kuibadilisha video iwe ya aina nyingine, ndogo. Mashine yake nayo haikuijua ile sauti, kwa hiyo ilibeba picha peke yake. Halafu, ili apate nafasi kwenye diski, akaifuta ile kubwa ya mwanzo. Akakata na kipande cha mbele, akisema ni kiti kitupu tu.

Kaltumi aliyajua hayo nyumbani. Aliifungua ile ndogo, na mama yake akatokea bila sauti kama kawaida, ila safari hii hata ule ujumbe wa kodeki haukutokea. Hapakuwa na sauti ya kukunjuliwa tena.

Akampigia Munirah, huko Bombo alikoolewa. Nakala ya Munirah, iliyokuwa kwenye DVD, watoto waliitelezesha sakafuni ikajaa mikwaruzo. Acayo alikuwa ameibiwa laptopu yake. Ilibaki nakala moja tu, ile ya Zéphyrin, na Kaltumi mwenyewe ndiye aliyeamuru ifutwe.

Kwa wiki tatu alienda sokoni, akapanga nyanya, akapanga pilipili na dania, akarudi, akamgeuza mama, akamwosha, akamlisha. Kila alasiri Husnah aliitazama skrini ya kompyuta, iliyofunikwa kitambaa cha kusuka, kisha akamtazama binti yake, kisha skrini. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomvunja Kaltumi. Alasiri moja aliketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, lile lililokufa.

"Nimeipoteza, mama," akasema. "Nimekupotezea sauti yako kwa mkono wangu."

Mkono wa kushoto wa Husnah ukashuka kichwani mwake, ukakaa. Kisha ukaondoka, ukainyooshea kidole simu iliyokuwa mezani.

*

"Hallo."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Namba yako ndiyo kitu pekee hukuniambia nifute."

Kaltumi akavuta pumzi. Alikuwa ameyapanga maneno mengi mazuri, yote yakakimbia. "Zefirini. Ulifuta?"

"Nilifuta. Siku ileile, Benedicte akiwa shahidi. Muulize."

Akafumba macho. Nje, baa ya jirani ilikuwa ikijaribu spika zake, moja mbili, moja mbili.

"Sawa," akasema. "Asante kwa kufanya nilivyosema."

"Ngoja. Sijamaliza, na utakasirika, kwa hiyo kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Picha nilifuta yote. Sina uso wa mama yako, sina wa mtu yeyote. Lakini kabla ya kufuta niliitoa sauti, nikaiweka peke yake. Ulisema nisibakize kitu, nami nikabakiza. Nimekukosea mara mbili."

Kaltumi akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama yangu alikufa Uvira," akaendelea, sauti yake imeshuka. "Mimi sina hata chafya yake, Kaltumi. Nimejaribu kuikumbuka sauti yake na ninaikosa, ninapata tu ya dada yangu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, kikakataa. Nilitaka kukuletea nikakuombe ruhusa. Kila asubuhi ninapaka viatu ili nije, kisha ninaogopa."

"Kwa hiyo umepaka viatu wiki tatu bure?"

"Vinang'aa kupita kiasi. Benedicte anajitazamia humo anapofunga kilemba."

Kaltumi alicheka huku analia, mambo mawili ambayo ukiwa umechoka sana huja pamoja. Akamwambia habari ya fundi wa mjini, picha isiyo na sauti iliyobaki kwake.

"Basi wewe una picha, mimi nina sauti," akasema Zéphyrin. "Ile programu niliyokuambia inaweza kuzicheza pamoja. Lakini huyo amekata kipande cha mbele, hazitalingana. Lazima mtu azilinganishe kwa mkono huku anatazama."

"Na wewe hutazami."

"Mimi sitazami. Utatazama wewe. Mimi nitakuwa nje, nitakuambia cha kubonyeza."

*

Alikuja Jumapili saa tisa, viatu vikiwa kweli kama kioo, shati jeupe, na mkononi bakuli la gurusa lililooshwa. Ndani yake Benedicte alikuwa ametia karanga za kukaanga. Alimsalimu Husnah akiwa mlangoni, macho chini, mkono kifuani. "Shikamoo, mama." Husnah akamkagua kuanzia viatuni kwenda juu, bila haraka, kama anayekagua kitambaa dukani.

Kaltumi akachomeka flashi aliyoletewa, yenye ile sauti, akaiweka programu, ile yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa kama zinazowekwa barabarani kukiwa na shimo. Zéphyrin akatoka, akakaa kwenye stuli ya barazani, mgongo ameuelekeza dirishani. Kaltumi akashusha pazia. Baa ilikuwa imeshaanza kupiga muziki, hawasikilizani, kwa hiyo wakapigiana simu, mmoja upande huu wa pazia na mwingine upande ule, hatua tatu kati yao.

"Umefungua picha?"

"Nimefungua."

"Sasa iambie icheze na faili nyingine pamoja, ile iko kwa flashi. Umeiona? Haya. Bonyeza."

Sauti ikatoka. Kiti cha Husnah kikalia mlio mmoja, maana alikuwa amejisukuma mbele.

"Imetoka," Kaltumi akasema. "Lakini mdomo unasema lingine."

"Ndiyo. Nitafutie mahali anapopiga kitu."

"Anapiga ngoma."

"Vizuri. Mkono ukigusa ngoma, mlio umeshapita ao bado?"

"Bado. Mkono unagusa, mlio unakuja nyuma. Nyuma sana."

"Basi sauti inachelewa. Bonyeza J, inaivuta mbele kidogo. Kidogo sana kila mara, usichoke."

"Mimi nimezaliwa nimechoka. Ngapi?"

"Kumi kwanza."

Akabonyeza kumi. Akabonyeza kumi nyingine. Sasa mkono na mlio vilikaribiana, na hapo ndipo ilipokuwa ngumu, kwa sababu jicho lake halikuweza tena kutofautisha. Akamwambia imekaa, kisha akasema hapana, kisha akasema hajui.

Ubao wa kiti ukalia. Tak. Akageuka.

Husnah alikuwa ameinua mkono wa kushoto juu ya mkono wa kiti, macho kwenye skrini. Aliupiga tena, na tena, akifuata mikono yake mwenyewe ya zamani iliyokuwa ikishuka juu ya ngoma, na kila mlio wa spika ulipokuja alikunja uso na kutikisa kichwa. Bado.

"Zefirini," Kaltumi akanong'ona kwenye simu. "Mama ndiye anapima."

"Mama anapima?"

"Anapiga kiti. Anasema bado."

"Basi mimi na wewe tunyamaze. Bonyeza moja, umtazame yeye. Ukipita mpaka, rudisha kwa K."

Akabonyeza moja, akatazama. Kichwa kikatikisika. Moja. Kikatikisika. Moja tena, na Husnah akainua kidole kama aliyekuwa akiwazuia waimbaji wake, ngoja, akasikiliza, akakizungusha kurudi nyuma. Kaltumi akabonyeza K mara moja.

Mkono wa kwenye skrini ukashuka. Mkono wa kwenye kiti ukashuka. Ngoma ikalia. Vyote vitatu vilikuwa kitu kimoja.

Husnah aliacha kukunja uso.

Akaimba, yule wa kwenye skrini, ule mstari wa kwanza wa kumwita bibi arusi atoke chumbani, na wanawake wakamwitikia kwa ile "ee-hee" ndefu ya kushuka. Akaimba wa pili. Wakamwitikia. Wa tatu ulipokwisha Kaltumi akasikia itikio likitoka mahali pengine, nje ya spika, dogo, lenye kutu, mkwaruzo mtupu wa mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Ee."

Hakugeuka haraka. Aliogopa kulitisha. Mstari wa nne ukapita, na likaja tena, refu kidogo, mdomo umepinda upande mmoja na mate yakimtoka. "Ee-he."

Barazani Zéphyrin alikuwa bado na simu sikioni. "Kaltumi? Huyo ni nani?"

Kaltumi aliisogeza simu karibu na mama yake, akaishika hapo mpaka wimbo ukaisha, na yule mwanaume aliyewapa mgongo akasikiliza mpaka mwisho bila kugeuza shingo.

*

Wimbo ulipokwisha Husnah alifuta mdomo wake mwenyewe kwa ncha ya mtandio. Akanyoosha kidole kwenye pazia. Kisha kwenye sinia la chakula, lenye kisra, mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi wa nyama. Kaltumi akachukua kifuniko cha plastiki alichokuwa akifunikia kila siku, na mama yake akapiga kiti. Tak. Hapana. Kidole kikapanda juu ya kabati.

Juu ya kabati kulikuwa na vifuniko vya ukili alivyosuka Husnah mwenyewe akiwa na mikono miwili. Alikuwa na desturi yake. Kila binti alimsukia kimoja chekundu chenye nyota nyeusi katikati, kisichofunika chakula mpaka aje mtu anayestahili. Cha Munirah kilishuka siku walipokuja wa Bombo. Cha Kaltumi kilikuwa kimekaa huko miaka kumi na miwili kikila vumbi, na mwenyewe alikuwa ameshaacha kukitazama.

Akakishusha. Akakipangusa kwa gauni lake. Akatoka barazani na sinia.

Zéphyrin akasimama. "Ni nini hii?"

"Chakula."

"Chakula najua. Mfuniko huu. Mbona umeushika kama yai?"

Kaltumi akaweka sinia juu ya stuli, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Kidole cha mguu kilikuwa kimepona na hakukumbuka ni lini. Akamweleza. Alieleza polepole bila kumtazama usoni, akichezea pini za mtandio, zote mbili.

"Na ukishakula," akamaliza, "sinia inabaki hapa. Mfuniko unaondoka nao. Siku ukiurudisha huji peke yako, unakuja na wazee."

"Kaltumi, mimi wazee sina. Walibaki ng'ambo ya ziwa, chini ya udongo."

"Unaye Benedicte."

"Benedicte ataongea mpaka wajomba zako wakimbie."

"Wajomba zangu watakuuliza unasali wapi. Watakuuliza mara nyingi, na hawatalipenda jibu. Itachukua muda. Nakwambia mapema, nimechoka, sitaki kumpambia mtu maneno."

Zéphyrin alikitazama kile kifuniko chekundu, akapitisha kidole kwenye nyota nyeusi, mzunguko mmoja, taratibu.

"Mimi nimekaa kwenye foleni miaka kumi na moja," akasema. "Foleni ya karatasi, foleni ya maji, foleni ya kuulizwa jina langu. Zote nilisimama na sikujua mbele kuna nini. Hii angalau mbele ninaona."

Akanawa mikono. Akafunua sinia, akakiweka kifuniko magotini mwake, mbali na mchuzi, juu ya ule mkunjo wa suruali, ukabonyea na hakuujali. Kaltumi akamega kisra, akamtangulizia tonge la kwanza.

Ndani, nyuma ya pazia, mkono ukapiga kiti mara mbili. Kimya kidogo. Mara mbili tena.

"Anataka nini?" Zéphyrin akauliza.

"Anataka irudiwe."

Akainuka, akashika kiuno, akaingia kuirudia.